Mke Wangu Anamwita Farasi Wangu "Mke Mwenzangu"

Shikamoo Shangazi, na kamwene.

Mimi ni mwanaume wa miaka 45, naishi jirani na Mafinga, wilaya ya Mufindi. Nina mke na watoto wanne. Ninachokuandikia kitawachekesha wengi, maana hata ndugu zangu wananicheka, lakini mwenzio usiku silali.

Mwaka 2006 niliajiriwa kutunza farasi kwenye shamba moja la huku kwetu. Nilikuwa sijawahi kumgusa farasi. Walikuwa watatu, na mmoja alikuwa jike wa miaka 5, kijivu, mgongoni ana madoadoa meupe kama majani ya asubuhi mwezi wa saba. Tukamwita Sakitu, yaani ile barafu ya asubuhi juu ya majani. Kila aliyempanda alimwangusha. Mimi aliniangusha mara mbili, halafu tukaelewana. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka mipaka, kuangalia moto kwenye mipaini wakati wa kiangazi, na wageni wakija mimi na yeye tulitangulia kuwaonyesha njia za kwenye chai. Miaka 19, Shangazi. Hakuna binadamu niliyekaa naye saa nyingi hivyo.

Ananijua. Nikiamka na hasira hanisogelei. Anasimama pembeni, sikio moja amelielekeza kwangu, mpaka nipoe. Nikiwa na kipande cha muwa anajua kiko mfuko upi. Nilipofiwa na baba nilikuwa naingia bandani naegemeza kichwa shingoni kwake, naye hatikisiki hata nzi wakimsumbua. Mambo niliyomwambia huyu mnyama sijamwambia hata padri.

Nisikufiche. Msimu mmoja wa ulanzi nilitoka kilabuni nimezidiwa, nikapanda, usingizi ukanichukua hapo hapo juu. Alinirudisha salama, ila alinirudisha kwake, si kwangu. Mke wangu alinikuta asubuhi kwenye banda la shamba nimelala kwenye nyasi, Sakitu kasimama pembeni ananitazama. Tangu siku hiyo anamwita "mke mwenzangu." Mwanzoni ilikuwa utani.

Mwaka juzi mwenye shamba alifunga shughuli akaondoka. Farasi wawili walipata wa kuwachukua. Sakitu hakuna aliyemtaka kwa uzee, nikaachiwa mimi, na tandiko lake na hatamu. Nilimjengea banda la mabanzi nyuma ya nyumba, anakaa na mbuzi wetu wawili.

Shida ni kwamba anakula hela. Pumba, dawa za minyoo, fundi wa kukata kwato ambaye lazima nimlipe na nauli. Mwezi mbaya inafika laki moja na nusu, na mtoto wa pili anakwenda kidato cha tano, orodha ya mahitaji ya shule imebandikwa ukutani. Ndugu wanasema, "Ng'ombe angekupa maziwa, punda angekubebea maji. Huyu anabeba nini?" Ananibeba mimi, Jumapili jioni, mpaka kwenye chai na kurudi. Nina kilo 78 lakini tunakwenda taratibu.

Sasa amepungua. Mbavu zinahesabika, juu ya macho pamebonyea. Anatafuna majani halafu anayatema, nakuta vifundo vya kijani chini. Naona ni majonzi ya kuwakumbuka wenzake. Lijamu analikataa, anatupa kichwa. Mke wangu anampa yale mahindi yaliyonyeshewa yakaota ukungu, ambayo hatuwezi kuyapeleka mashine, na anayala kidogo.

Amejitokeza mtu wa Dar es Salaam, ameona picha zake. Anatoa milioni mbili na nusu ili watu wapige naye picha ufukweni na kwenye harusi, maana siku hizi ni mweupe wote. Anasema atatuma Fuso. Mke wangu anaona jibu liko wazi. Juzi akaniambia, "Chagua. Mimi au huyo." Nikanyamaza. Akalia, kwa sababu nilichelewa kujibu.

Nimuuze? Nimwite bwana mifugo ammalize? Au nimwache aende mwenyewe polepole, kama wazee wanavyokwenda? Na je, mimi ni mzima kweli, baba wa watoto wanne kumlilia farasi?

Mwenye Sakitu, Mufindi

*

Marahaba mwanangu, na kamwene sana.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda bandani utoe hayo mahindi. Mengine yatasubiri.

Umeshatoa? Haya. Kuvu wanaoota kwenye mahindi yaliyolowa wana sumu, na katika mifugo yote tunayofuga farasi ndiye inayemdhuru vibaya zaidi. Inamwingia kwenye ubongo. Ataanza kupepesuka, atagonga kuta kama kipofu, na akishafika hapo hakuna dawa ya kumrudisha. Hayo mahindi usimpe hata kuku, yafukie. Na mkeo usimgombeze. Angalia alichokuwa anafanya: anatoka jikoni na bakuli, anamlisha mke mwenzake. Hilo nitalirudia.

Mimi farasi sijawahi kumpanda. Nimekulia Wanging'ombe na maksai, kwa hiyo barua yako nimekwenda nayo kwa daktari wa mifugo ninayemwamini, na tulikaa nayo mchana mzima. Alipofika kwenye vile vifundo vya kijani aliweka kikombe chini. "Hayo si majonzi," akasema, "ni meno."

Fanya hivi. Okota kifundo kimoja kibichi ukifungue kwa vidole. Utakuta majani marefu, yamesokotwa kama tumbaku ya bibi, yameloa mate, lakini hayajakatika. Farasi wako anajaribu kutafuna, anashindwa, anatema. Meno ya nyuma ya farasi hutokeza kidogo kidogo maisha yake yote, milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na nyasi huyasaga kwa kasi hiyo hiyo. Yanaposagika upande, hubaki ncha kali kama wembe: za juu zinachana mashavu, za chini zinachana ulimi. Sasa vuta picha unampitishia chuma cha lijamu kwenye mdomo wa namna hiyo. Ungekuwa wewe usingetupa kichwa? Na kwa miaka 24 aliyonayo, huenda mengine yamekaribia kwisha kabisa, maana jino lina urefu wake, halitokezi milele.

Kwa hiyo mwaka huu wote umekuwa ukimwonea huruma kwa kitu kisichomuuma, na kinachomuuma hujakigusa. Sikulaumu. Mtu akimpenda mnyama sana huanza kumsomea moyo, akasahau kumfungua mdomo.

Dawa yake si ghali kama unavyofikiri. Anahitajika daktari mwenye tupa ya meno ya farasi, kifaa cha kuushikilia mdomo wazi, na sindano ya kumtuliza. Anzia ofisi ya mifugo ya wilaya. Wakikuambia hapo hakuna aliyewahi kufanya kazi hiyo, waombe waulize hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Usikubali fundi wa mtaani aje na tupa ya msumeno. Siku hiyo hiyo daktari amwinue mkia, kwa sababu farasi wa kijivu wakizeeka wengi huota vinundu vyeusi pale chini, na amsikilize moyo.

Kuhusu chakula, katakata majani mafupi kama mboga, yaloweke mpaka yawe teketeke, changanya na pumba kiasi na chumvi kidogo, umpe mara nne au tano kwa siku. Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili wake, na kutapika hawezi, kwa hiyo sinia moja kubwa la jioni linaweza kumuua kwa msokoto wa tumbo. Baridi ikianza, maji yawe ya uvuguvugu. Mwenye meno mabovu akikuta maji ya barafu ya Mufindi saa kumi na mbili asubuhi, anaacha kunywa.

Sasa hizo Jumapili zenu.

Chukua kamba, mzungushe kifuani nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha uipime kamba kwa sentimita. Pima tena kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako. Kipimo cha kifua kizidishe kwa chenyewe, halafu kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Unapata kilo zake, kwa kukadiria. Tuseme kifua ni 165 na urefu ni 150: kilo 344. Farasi mwenye nguvu zake anashauriwa asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Kwa kilo 344 hiyo ni kama kilo 69. Wewe una 78 kabla hujaweka tandiko, na huyo ni bibi kizee aliyekonda. Shuka, mwanangu. Nendeni kwenye chai kama kawaida, Jumapili ile ile, njia ile ile, ila wewe kwa miguu na kamba mkononi. Daktari wangu anasema kutembea taratibu kunamsaidia viungo, na kusimama bandani kutwa ndiko kunakowakaza wazee. Kamba ya kifua uirudie kila mwezi, uandike namba. Jicho lako lisimamie mengine, hili la kukonda lisiliamini, kwa sababu unamwona kila siku.

Huyo wa Dar. Hapa niache nikupe habari ya baba yangu.

Alikuwa na maksai wawili, na mmoja alipochoka akampeleka mnadani. Alitaka auzwe kwa mchinjaji, ayamalize. Akatokea mtu akasema hapana, mimi nitamtumia kwa kazi nyepesi tu, akaongeza na bei kidogo. Baba akarudi amefurahi. Baada ya wiki kadhaa mjomba akapita kijiji kingine akamkuta yule ng'ombe shambani, shingo imechunika na nira, anachapwa. Baba alikwenda na hela mkononi ili amrudishe. Mwenyewe akakataa, tena alikuwa na haki ya kukataa, alimnunua. Baba hakumtaja tena yule ng'ombe, lakini nira yake aliitundika chini ya paa la ghala na hakuruhusu mtu aichome hata kuni zilipokwisha.

Mnunuzi wako huenda ni mtu mwema. Lakini milioni mbili na nusu lazima zirudi, na zitarudi kwa migongo ya watoto na mabibi harusi, kutwa, juani, kwenye mchanga unaozama. Kabla ya hapo kuna Fuso, kuna mteremko wa Kitonga ambao hata abiria wa basi wanaushikilia kiti, kuna zaidi ya kilomita 500 amesimama. Kisha ni nchi ya joto, yenye mbung'o njiani na usubi wa usiku wanaoeneza ugonjwa wa farasi, ambao wengi wanaoupata hawaponi. Baridi yetu hii tunayoilalamikia ndiyo imemlinda miaka yote hii. Na siku atakapoanguka, atakayeamua habari yake ni mtu asiyejua kwamba ana sikio moja la kukusikiliza. Mimi nisingemuuza.

Lakini nisingemwacha "aende polepole kama wazee" pia. Hayo maneno matamu yanamficha mtu. Farasi mzee anayeachwa haondoki usingizini. Analala chini akashindwa kuinuka, uzito wake mwenyewe unamkandamiza mapafu na misuli, anahangaika saa nyingi, pengine siku nzima, kwenye tope, wewe unalia pembeni huna la kufanya. Kwa hiyo weka masharti sasa, akiwa bado anakula muwa. Mpe miezi mitatu baada ya meno. Namba za kamba zikipanda, asante Mungu, farasi wengi hufika miaka 25 hadi 30. Zikizidi kushuka, au akianza kushindwa kuinuka, au akikuona unakuja na sikio lisigeuke, mwite daktari kabla sakitu haijaanza, kabla ya Juni. Sindano ni ya dakika chache. Wewe ushike kamba, uzungumze naye kama siku zote. Kaburi liwe limechimbwa tayari, refu, mbali na kisima, kwa sababu dawa hiyo inabaki mwilini na mbwa akila nyama naye anakufa. Ndugu zako watakuambia unafukia hela. Waache waseme.

Umeuliza kama wewe ni mzima. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi picha za watu wasiowajua, wengine wamekunja uso, wengine wanacheka. Kwa uso wa hasira mapigo ya moyo wa farasi yalipanda haraka, na waliuelekezea jicho la kushoto. Hiyo ni picha tu, ya mgeni. Wewe huyo mnyama amekusoma uso kwa miaka 19. Kumlilia si wazimu.

Kinachonitia wasiwasi kwenye barua yako ni kingine. Umeandika kwamba mambo uliyomwambia Sakitu hukumwambia padri. Padri hadai kitu. Mkeo je? Baba yako alipofariki uliweka kichwa shingoni kwa farasi, na mwanamke uliyezaa naye watoto wanne alikuwa wapi? Nadhani alikuwa dirishani, anaiona taa bandani. Ndiyo maana "mke mwenzangu" ilianza kama utani ikaacha kuwa utani. Aliposema chagua, hakuwa anauliza habari ya pumba wala kidato cha tano. Alitaka uruke kumjibu, kama mtu aliyechomwa na mwiba, nawe ukasimama kupiga hesabu.

Usimwendee na kitenge wala na ahadi. Mwendee na yale uliyomwambia farasi. Anza na moja, la baba yako. Halafu hela muziweke mezani wote wawili, mwandike kila anachokula Sakitu na kila kinachotakiwa shuleni, mkubaliane kiwango ambacho hakitavukwa. Uza tandiko. Najua linauma, lakini kama hutampanda tena linakaa la nini, na tandiko la ngozi lililotunzwa lina wateja wake. Mavi yake yakusanyeni yaive miezi kadhaa. Huko kwenu kila mtu anapanda parachichi na samadi inatafutwa kwa tochi. Hayatalipa ada. Ila yatawajibu wale ndugu waliouliza anabeba nini.

Yule wa Fuso mjibu leo, asije akaingia gharama bure. Na daktari akija kwa ajili ya meno, mwombe mkeo ashike tochi. Ataona mwenyewe yale mashavu yaliyochanika ndani, na nina hakika bakuli la kwanza la majani yaliyolowekwa atalitengeneza yeye. Niandikie baada ya wiki mbili uniambie kama vile vifundo bado unavikuta.

Shangazi